Gonga Moja, Kanyaga

Jumatano, 12 Machi 1958

Tuse ametumbukiza kiganja kwenye mafuta chini ya gari la babu yake, akajipaka utosini kama anavyoniona mimi nikijipaka. Nimeacha mahindi niliyokuwa napukuchua, nimemwosha kwa sabuni mara mbili. Analia, anacheka, analia tena. Mwaka na miezi saba, na hakuna kitu asichotaka kujipaka.

Mafuta hayo ni ya klachi. Nayajua kwa harufu. Baba Tuse alinionyesha kabla hajarudi mgodini Mufulira, ng'ambo ya mpaka: kikopo chini ya boneti, kibomba chembamba kinachoshuka mpaka chini ya gia. Ukikanyaga pedali, mafuta ndiyo yanasukuma. Yakivuja, gia haziingii. Aliniachia kopo moja, akasema, "Ni haya tu. Mafuta ya injini yanaua mipira yake." Aliniambia mimi kwa sababu baba yake alikuwa shambani na yeye alikuwa na haraka.

Barua yake iko ndani ya Biblia. Amepata nyumba ya wenye ndoa. Vyumba viwili, bomba la maji nje ya mlango. Tusipofika kabla mwezi haujaisha anapewa mwingine. Basi la huko linatoka Tunduma kila Jumamosi mchana. Hapa Itaka hakuna gari lingine mvua hizi, malori ya kahawa hayaji mpaka msimu. Jumamosi hii tunaondoka. Nimefua kila kitu.

Alhamisi, 13 Machi

Baba mkwe ameyaona mafuta. Jina lake siliandiki hata humu. Sisi Wandali, mke wa mtoto hasemi na baba mkwe, hamtazami usoni, hapishani naye njiani. Nikimwona anakuja naingia migombani. Mwaka wa tatu sasa. Akiwa na neno analipitisha kwa mtoto. "Tuse, mwambie mama yako mbuzi wameingia kwenye maharage." Tuse husema, "Buji."

Nimempa mama mkwe lile kopo, nikamweleza, amfikishie. Akanitazama. "Mwanangu, mume wangu ameendesha malori vita nzima. Wewe ndiye utamfundisha mafuta?"

Jioni nimelikuta kopo uvunguni mwa kitanda changu, pale pale nilipolitoa.

Ijumaa, 14 Machi

Nimemwona baba mkwe akimimina kwenye kikopo cha klachi. Nilikuwa nyuma ya jiko, hatua kumi hivi. Mafuta ya injini. Malori ya vita klachi zake zilikuwa vyuma vitupu, hakujua. Mama mkwe alisimama karibu naye akinitazama mimi. Alijua. Na mimi nilijua.

Nimerudi jikoni kuchochea moto.

Najichukia.

Jumamosi, 15 Machi

Hatukufika hata mtoni. Pedali ilizama, haikurudi. Mafuta yakatoka kila kiungo. Watu waliotoka kulima wakatusukuma mpaka nyumbani. Nilikaa nyuma, kanga usoni, nikawasikia wakicheka. "Mzee, hili gari au ng'ombe? Mbona linakojoa?"

Basi limeondoka. Nimefungua mzigo, nguo za Tuse moja moja.

Mama mkwe amechinja kuku. Kuku, leo.

Jumapili, 16 Machi

Sikwenda kanisani. Nina hasira na heshima. Heshima gani inayomwacha mtu aharibu kitu chake mwenyewe ukimwangalia?

Nimechana karatasi ya daftari hili. "Haya tu. Mafuta ya injini yanaua mipira. Baba Tuse alisema." Nimeiweka juu ya boneti, kopo juu yake. Sijui kama kuandika ni kusema. Waliotuwekea mwiko hawakuwa na kalamu.

Jumatatu, 17 Machi

Kopo halipo. Karatasi haipo. Baiskeli haipo, na baba mkwe hayupo.

Jumamosi, 22 Machi

Basi la pili limekwenda. Limebaki moja. Mpita njia kaleta habari: fundi wa Tunduma hana ile mipira ya klachi, raba wanaziita, zimeagizwa Mbeya. Baba mkwe amelala kwa ndugu zake kijijini Mpemba, anazisubiri.

Mama mkwe anaimba akitwanga. Namwombea mabaya, kisha namwomba Mungu asisikie.

Alhamisi, 27 Machi

Baba mkwe amerudi, tope mpaka magotini. Raba na kibomba kipya. Amefungua pampu zote mbili za klachi, ya juu na ya chini, juu ya gunia. Raba za zamani zimevimba kama maharage yaliyolowekwa. Kibomba kimetoboka pale kiliposuguana na chuma, tundu la kupita sindano. Tundu hilo ndilo lililotufanya hivi.

Mama mkwe akafunga kikapu. Anakwenda Msangano kumjulia hali dada yake. Leo. Nikamuuliza, je, kesho nani atakanyaga pedali? Maana kutoa upepo kwenye klachi ni kazi ya wawili, mmoja juu, mmoja chini. Majirani wote wako mashambani huko bondeni, wanalala hukohuko kufukuza nguruwe.

Akasema, "Wanangu wawili walikwenda huko mgodini. Anayeandika ni mmoja." Akambusu Tuse, akaondoka.

Kwa mara ya kwanza sikujua nimchukieje.

Ijumaa, 28 Machi

Asubuhi alifunga kila kitu peke yake. Kisha akakaa juu ya gogo muda mrefu, mgongo kwangu. Mwisho akasema, "Tuse, mwambie mama yako babu hana miguu mirefu ya kufika juu."

Nikapanda. Nimekaa kwenye kiti, Tuse mapajani, baba mkwe amelala chini yangu kwenye matope. Ningeonwa ningesemwa mpaka uzeeni.

Mafuta yaliyobaki, baada ya kusafisha pampu na kujaza, ni vidole viwili kwenye kopo. Ukiinua mguu kabla aliye chini hajafunga kile kiskrubu cha kutolea upepo, upepo unaingia tena na mafuta yamepotea.

Akaanza. "Tuse, mwambie mama yako akanyage." Nikakanyaga. "Tuse, mwambie mama yako asi..." Nikainua. Chini nikasikia pwiii. Tukarudia. Maneno yake marefu, mguu wangu mwepesi, na Tuse katikati anasema, "Nyaga, nyaga." Vidole viwili vikawa kimoja.

Nililia. Alinisikia.

Kisha akagonga chuma kwa spana. Mara moja. Nikangoja. Akagonga tena, mara moja. Nikakanyaga. Nikashikilia mpaka paja likatetemeka. Akagonga mbili. Nikaachia. Moja, kanyaga. Mbili, achia. Hakuna aliyesema na mtu. Nilishuka kujaza kikopo, nikapanda tena. Tone la mwisho la kopo likaingia, nikagongewa moja, na pedali ikawa ngumu chini ya mguu wangu, ngumu kama ardhi.

Nilibaki nimeikanyaga hata alipogonga mbili.

Jumamosi, 29 Machi

Mapambazuko. Mvua imekatika. Mzigo uko ndani ya gari. Chini ya gari nimepapasa kwa kiganja. Pakavu.

Mama mkwe hajarudi. Nimemwachia kitandani gauni la Tuse lililombana. Si kwa kumpenda. Limembana tu.

Hakuna aliyeniomba radhi hapa, na sitaomba. Miaka mitatu nimeinamisha shingo, inaniuma hata nikilala. Huko kuna bomba la maji mlangoni. Nitaweka ndoo chini yake na kuyasikiliza.

Injini inanguruma. Tuse yuko mbele kwa babu yake, ameshika usukani. Nasubiri spana, au nasubiri "Tuse, mwambie mama yako."

Ameita. Hakugonga. Hakumtaja mtoto. Amesema, "Mama Tuse, twende, mwanangu." Sauti yake sikuwahi kuisikia ikija kwangu. Daftari liko gotini na sijui kama niitike au nijifunike kanga nipande nyuma. Nalifunga, nakwenda.