Kidole Kilichopimwa Hakikuwa Chake

Sotik, Jumapili

Mama mpendwa,

Sijui goti lako linavumiliaje baridi hii, na kama mbaazi za kule chini zimetoa maua. Mimi mwili ni mzima. Nakuandikia kwa sababu kwa simu ningeshindwa kulieleza hili sawasawa.

Mama Chelangat, mwenye nyumba wangu, yule mliyesalimiana naye Krismasi, alikohoa wiki tatu huku akichuma chai. Jumanne alishindwa kubeba kikapu, nikampeleka zahanati. Siku hizi nesi hujaza majibu ya mgonjwa kwenye tableti, nayo ndiyo huamua: kijani, urudi nyumbani; nyekundu, upelekwe hospitali.

Lazima ipewe kipimo cha oksijeni mwilini, kinachosomwa na kibanio cha kidoleni. Lakini utomvu wa chai hukaukia vidoleni mwa wachumaji hadi viwe vyeusi, na sabuni haiutoi. Kibanio hakikusoma kitu.

"Mama, hivi vidole vya chai mashine haivipendi," nesi akasema.

"Basi iniulize mimi," Mama Chelangat akajibu, akihema.

Nesi akacheka, akakibana kibanio kwenye kidole chake mwenyewe. Tisini na nane. Kijani.

"Dada, hiyo namba ni ya nani?" nikauliza.

"Ni ya kufungua ukurasa tu. Bila namba haiendelei. Watu wa chai wote tunawafanyia hivyo."

Miaka yote hii ya kuripoti ajali na mafuriko redioni, Mama, sijawahi kukosa swali la pili. Hapo nililikosa.

Nikamvua Mama Chelangat gambuti. Kidole cha mguu kilikuwa safi, nikabana kibanio hapo. Themanini na moja. Tableti ikageuka nyekundu, nesi akapiga simu hospitali.

Sasa amelazwa, anapumulia oksijeni. Daktari anasema ni nimonia; hajasema atapona. Jana nilimuuliza mbona alinyamaza wiki zote hizo.

"Si ni wewe ulisoma kwa redio?" akaninong'oneza. "Ati vifua vya watu wa chai viko sawa."

Ni kweli. Ripoti ya zahanati ilifika mezani kwangu, imejumlishwa na kompyuta, safi kabisa. Niliisoma hewani bila kuuliza ilitoka kwa kidole cha nani.

Nisalimie kaka Mutua, na shangazi Kalunde anayekuchotea maji. Mwambie amtaje Mama Chelangat kwa jina kanisani. Kesho asubuhi nitaisahihisha ile habari, saa ileile, kwa sauti ileile. Sijui ni wangapi bado wanaiamini.

Mwanao,
Kilonzo