Maji Niliyommwagia Remedan, Mlima Dengego

MAELEZO YA SHAHIDI
Kituo cha Polisi, Dire Dawa

Jina: Wondafrash Lemma. Umri: miaka 52. Kazi: fundi magari. Makazi: Kezira, Dire Dawa.

Mnamo tarehe 14 Ginbot, kwa kalenda ya Kiethiopia, asubuhi, dereva teksi Bedri Yusuf aliniletea gari lake la bluu, kuukuu, lililomzidi umri yeye mwenyewe. Alisema linachemsha na linakunywa maji. Nilikagua mipira ya maji, ilikuwa mikavu. Pampu haikuvuja. Feni ilizunguka vizuri. Injini ikiwa bado baridi, nilifungua mfuniko wa rejeta, nikawasha. Maji yakaanza kutoa mapovu. Nikachomoa kijiti cha oili, nikaona oili imepauka kama chai ya maziwa. Nikamwambia, "Gasketi ya hedi imekufa, Bedri, maji yanaingia kwenye oili. Usiliendeshe hata hadi sokoni." Akaniachia ufunguo.

Saa nane mchana alirudi mbio. Mkewe, Ifrah, alikuwa na uchungu tangu alfajiri, mtoto amekaa vibaya. Zahanati walisema apelekwe Harar akapasuliwe. Ambulensi ilikuwa imeondoka na mgonjwa mwingine, na mjini petroli ilikuwa imekwisha. Tangi la Bedri lilikuwa na nusu.

Nilikataa kumpa ufunguo. Ifrah alikuwa ameegemea mlango wa karakana. Alinitazama tu. Nikajaza rejeta, nikapakia madumu matatu ya maji. Nikasema, "Kaa nyuma na mkeo. Naendesha mimi." Mbele alikaa Remedan, kaka yake Ifrah.

Nilifungulia kipasha joto cha ndani mpaka mwisho ili kiipunguzie injini moto. Remedan alilalamika, "We fundi, dada yangu anazaa, na wewe unampika?"

"Joto hilo ndilo litakalotupandisha mlima."

"Mlima gani! Unatembea kama unasindikiza maiti!"

Bedri akamwambia, "Shemeji, nakuomba, nyamaza." Nilikuwa natazama mshale wa joto. Hata sasa nikifumba macho nauona.

Kwenye kona za Dengego mshale uligusa nyekundu. Niliegesha, nikazima, nikafungua boneti. Niliwaambia tusubiri rejeta ipoe. Hakuna aliyeweza kutulia. Remedan alizunguka gari, akaja, akaenda. Mimi pia nilikuwa nazunguka. Ifrah alilia mara moja, kwa sauti ya chini, na kilio hicho kilitumaliza wote.

Nilikuwa nyuma nikitoa dumu nilipomwona Remedan amejizungushia skafu mkononi, ameinama juu ya injini. Nikapiga kelele, "Acha! Usifungue!"

Akasema, "Utatuua kwa woga wako!" Akauzungusha mfuniko.

Maji yalimrukia usoni na kifuani. Nilimtoa pale, nikamlaza chini, nikammwagia dumu la kwanza, kisha la pili. Nimeulizwa kama nilimmwagia maji ya moto kwa hasira, kama walivyosema wapita njia waliotuona. Nilimmwagia maji, ni kweli. Yalikuwa maji ya baridi, ya gari. Nilipolishika dumu la tatu, Remedan mwenyewe alilisukuma. Alisema, "Hilo la Ifrah."

Injini ilipopoa tulimimina dumu hilo kidogo kidogo. Bedri akashika usukani. Tuliingia Harar tukitoa moshi mweupe, na injini ikakwama kwenye lango la hospitali. Tukalisukuma gari hadi ndani. Ifrah alipasuliwa, akapata mtoto wa kike. Wote wawili wazima.

Remedan amefungwa bandeji uso wote na haruhusiwi kuzungumza. Jicho la kushoto halijajulikana. Baba yake ndiye aliyenishtaki, na simlaumu. Kama ningekuwa yeye, na mimi ningemtafuta mtu wa kumshika.

Niliyoyaona na kuyatenda ni hayo, na nimeyasema bila kulazimishwa na mtu.

Alama ya dole gumba: W. Lemma

Maelezo ya ofisa: Nimemsomea shahidi, akakubali kuwa ni sahihi. Ametia dole gumba ingawa anajua kuandika. Mikono yake yote miwili imefungwa bandeji, vidole gumba tu ndivyo viko nje. Jambo hilo hakulitaja. Nilipomuuliza alisema aliungua alipomvuta Remedan kwenye boneti, maji yakiwa bado yanaruka. Nikamuuliza kwa nini hakusema. Akajibu, "Hukuniuliza habari zangu, uliniuliza za Remedan." Nimeliandika hapa ili baba wa majeruhi alisome.

Inspekta Bontu Gutema