Kikohozi Kimoja Acha, Viwili Nunua

Mpendwa mama mkwe,

Najua hapo unaposomewa barua hii umeshajifunika uso kwa kitenge, kwa sababu mkwe hamwandikii mama mkwe wake hivi hivi, "wewe" na "mimi", kama watu wanaocheza karata. Lakini binti yako Spes amekataa kuniandikia. Anasema miaka yote ile tulimtumia kama simu, mimi upande huu na wewe upande ule, na sasa mdomo wake umechoka. Basi naandika mwenyewe. Atakayekusomea huko Rumonge asome polepole, na ukitaka kucheka akusubiri umalize.

Nina ombi moja, nalitaja mapema usije ukadhani nimelificha: nataka urudi Bujumbura ukae na sisi. Jibu lako nalijua, nimelisikia kupitia ukuta mara nyingi. Ila kabla hujalitoa tena, nikukumbushe kidogo tulivyoishi.

Ulifika kwetu Bujumbura, mtaa wa Mutakura, na lori la mwisho kabla barabara ya Rumonge haijafungwa kwa vita. Ulikuwa na furushi la nguo, dumu la mawese na nyundo ndogo ya marehemu mume wako, mhunzi, ambaye ulimvutia mivukuto tangu ujana wenu. Nyumba yetu ilikuwa chumba kimoja na karakana yangu, katikati ukuta wa matofali mabichi. Wewe na Spes mlilala chumbani, mimi nikalala karakanani juu ya maranda. Nikipita uani, uligeuka ukatazama kwa jirani. Ukitaka kunipa kitu ulikiweka juu ya kigoda, ukaondoka, ndipo nami nikaja kukichukua. Kula mbele yako sikuthubutu hata siku moja. Na kwa kuwa kazi yangu ilikuwa kukereza vyombo vya jikoni, mabakuli, michi, vifimbo vya kusukumia chapati na mipini ya miko, nyumba ile ilijaa miko ya kila namna: ya kusongea ugali na ya kutotazamana.

Siku ya tatu nilikuwa kwenye mashine ya kukereza, nachimba tumbo la bakuli la libuyu, ule mti mwekundu wa Kongo. Mara nikasikia sauti yako ng'ambo ya ukuta, kubwa kiasi kwamba hata jirani wa tatu aliipata.

"Spes! Ambia bwana yako iyo chuma yake inalia mubaya."

Spes akaja mlangoni. "Mama anasema chuma yako inalia mubaya."

"Nimesikia. Umwambie chuma yote inalia vile."

"Mama, anasema chuma yote..."

"Nimesikia," ulijibu. "Apana. Chuma ya muzuri inaimba. Iyo inaomba musaada."

Niliudhika, nisikufiche. Nilikuwa nimekereza miaka sita, na patasi ile niliinunua kwa majivuno, ina mpini wa rangi ya dhahabu na maandishi ya ng'ambo. Wakati ule wa ambargo, nchi ilipofungiwa biashara, vitu vya kweli vilikuwa haba, na kila bati lililopakwa rangi liliitwa chuma cha Ulaya. Jioni nikakuta kwenye kigoda kamba na ile nyundo ndogo. Spes akaleta maelekezo: niining'inize patasi kwa kamba, niigonge kidogo, nisikilize. Nikagonga. Ikasema "ko", ikanyamaza. Nikaning'iniza patasi nyembamba ya zamani niliyoachiwa na fundi wangu, ambayo niliidharau kwa sababu ya kutu. Ililia kwa muda mrefu hadi nikaona aibu kusimama pale karibu nayo.

Tangu siku hiyo nikawa mwanafunzi wako, ingawa sikuwahi kukuona usoni. Ulinifundisha kuisogeza chuma kwenye jiwe la kunolea linalozunguka na kutazama cheche: ile hafifu inarusha mistari mirefu myekundu, ile imara inarusha nyota ndogo zinazopasuka. Ulinifundisha kupitisha tupa juu ya makali. Tupa ikiuma, chuma ni laini, ikiteleza, nenda na chuma hicho nyumbani. Na kwamba nikinoa kwa pupa mpaka makali yageuke buluu, nimeshaiua, nisitafute mchawi.

Rezini, ule utomvu wa kiwandani unaoganda kama kioo, hukuipenda. Uliiita "dawa ya mitumbwi", na kweli niliipata bandarini kwa mafundi wanaoziba mashua. Niliichanganya na buluu ya kufulia nguo, nikaimimina kwenye nyufa za mti, ikikauka naikereza pamoja na bakuli, unabaki mshipa wa buluu unaopita katikati ya wekundu. Wanawake walivipigania vile vyombo. Ulilalamika harufu wiki nzima, halafu siku moja ukatuma neno: mti unavumilia makali yaliyochoka, rezini haivumilii, inavunjika vipande. Kwa hiyo niweke chuma kimoja cha kukwangulia rezini peke yake, nikinoe upya kwa kila bakuli, nisikigusishe mti. Nilifuata. Sijavunja bakuli tangu hapo, isipokuwa mawili ambayo sitaki kuyazungumzia.

Lakini siku ninayoipenda kuliko zote ni ile ya sokoni.

Tulikuwa tunahitaji patasi yenye mfereji, ile ya kuchimbia mabakuli yenye kina. Ulisema macho yangu hayaaminiki. Kuingia dukani pamoja, mkwe na mama mkwe, haiwezekani. Ndipo ukabuni sheria, Spes akaileta: mimi nitaingia kwa Mzee Salim, yule Mwarabu wa vyuma ambaye babu yake alifungua duka kabla babu yangu hajavaa viatu. Wewe utasimama nje, mgongo umenipa, kama mtu anayesubiri gari. Mimi nitagonga chuma. Ukikohoa mara moja, niache. Ukikohoa mara mbili, ninunue.

Nikagonga ya kwanza. Kikohozi kimoja. Ya pili, kimoja. Mzee Salim akatazama nje. "Mama yule ni mugonjwa?"

"Apana, ni baridi," nikasema, na jua lilikuwa linachoma mabati.

Nikagonga ya tatu, ndogo, nyepesi, imeng'arishwa kama sahani ya arusi. Ukakohoa mara moja, mara mbili, tatu, nne. Nikaduwaa. Hatukuwa na sheria ya nne. Nikawaza: nne ni mbili mara mbili. Basi amependa sana, anataka nichukue mbili. Nikanunua mbili.

Mzee Salim akamtuma mtu akupelekee maji.

Nyumbani nilijaribu ya kwanza ikajikunja makali kwenye bakuli la kwanza. Nikajaribu ya pili, nayo ni dada yake. Nikamwambia Spes kwa hasira akuulize imekuwaje. Halafu nikasikia kitu ambacho hatukuwahi kukisikia tangu ufike: ulicheka. Ulicheka mpaka ukuta ukamwaga vumbi.

"Ambia bwana yako," ulisema ukivuta pumzi, "pembeni yangu walikuwa wanatwanga pilipili!"

Spes akacheka, mimi nikacheka, mlango katikati umefungwa, watu watatu tukashika mbavu bila kutazamana. Nilifurahi siku ile, mama mkwe. Nje kulikuwa na mambo tuliyoyajua wote, lakini ndani ya kile chumba kimoja nilikuwa mtu mwenye bahati.

Sasa nifike kwenye dhambi yangu.

Barabara ilipofunguka mara ya kwanza, ulikunja furushi. "Mutu anakaa kwa mukwe wake mupaka lini? Watu watasema nini?" Spes alilia kwenye sufuria ya maharage. Kule Rumonge tulikuwa tunasikia habari zisizofaa kila wiki, na mimi sikuwa na haki ya kukuzuia, wala mdomo wa kukusemesha. Nilienda kwa Mzee Salim nikamwomba patasi mbaya kuliko zote alizonazo.

"Mubaya?" aliuliza. "Wallahi, nimezeeka ndani ya iyi duka, mutu ajaniomba ivo."

"Mubaya kabisa, lakini ing'ae."

Nikamweleza sababu. Mzee yule aliniangalia kidogo, akaingia nyuma, akarudi na kitu cha kupendeza macho. "Chukua iyi. Mashallah, aikati ata ndizi."

Niliiweka kwenye mashine, nikaiacha ipige kelele zote ilizojaliwa. Haikuchukua dakika tano. "Spes! Amenunua nini tena uyu mutu?" Ukafungua furushi ukatoa nyundo. "Niangarie iyi moja tu, kesho niende." Kesho ikapita. Kila ulipokunja furushi nilinunua takataka nyingine. Zilifika tisa. Ulifikiri umemwoza binti yako kwa mjinga, na mimi nilikubali ujinga huo kwa moyo mweupe. Huenda ulijua. Spes anasema ulijua tangu ya tatu. Mimi sijui, na ukija utaniambia.

Ukaja ule mwezi Mzee Salim alipotaka mabakuli kumi na mawili ya arusi ya binti yake, mapana, yenye kina, kila moja na mshipa wake wa buluu. Patasi ya kweli ya mfereji haikupatikana mjini kote. Ndipo ukaagiza: nitafute resori, yaani springi, ya lori kuukuu, tuifue wenyewe. Nilifua siku mbili kwa maneno yako yakipita kwa Spes: ipashe, igonge, ikunje, itie kwenye mawese. Ikabaki hatua ya mwisho, kuirudishia moto taratibu, na kuitoa inapopata rangi ya mafuta ya karanga. Rangi hiyo haikai. Ukiikosa, kazi ya siku mbili imekwenda.

Na Spes hakuwepo. Alikuwa kwenye foleni ya maji, na moto ulikuwa umeshaiva.

Nilishika chuma kwa koleo juu ya makaa. Ulikuwa nyuma ya pazia la mlango, nilijua kwa sababu niliona vidole vya miguu yako. Chuma kikaanza kubadilika. Kwangu mimi rangi zote zilikuwa moja. Nikangoja Spes arudi, upuuzi mtupu. Nikangoja ukohoe. Pazia likatingishika, likaruka pembeni, ukasimama mbele yangu kichwa wazi, kidole kimenyooka.

"Sasa! Sasa, mwana wanje, sasa!"

Nikaizamisha. Moshi ukapanda kati yetu. Ulipopungua tulikuwa tunatazamana, na kwa mara ya kwanza niliona kwamba Spes amechukua macho yako. Kisha ukashika kinywa, ukakimbilia ndani.

Patasi ile, mama mkwe, inaimba. Niliining'iniza kwenye kamba nikaigonga, ukaisikia na wewe, ukapiga makofi kule ndani ukidhani sikusikii. Ilitoa maranda marefu kama utepe kutoka bakuli la kwanza mpaka la kumi na mbili. Mzee Salim alipitisha mkono ndani ya yote, moja moja, asipate pa kulalamikia, na yule bwana hukosa pa kulalamikia mara chache sana.

Siku ya tatu ukaondoka. Ulimwambia Spes, "Nimepigia mukwe wangu kelele. Nimemwita mwana. Sasa nitakaa mule namna gani?" Nilikuwa nimekwenda kununua takataka ya kumi. Niliporudi nayo, kigoda kilikuwa kitupu.

Nimekasirika miezi mingi, nikuambie ukweli. Nimeudhika na heshima yetu, inayomfanya mtu aone haya kwa neno zuri kuliko yote aliloniambia: mwana wanje, yaani mwana wangu. Mama yangu mzazi alifariki nikiwa mdogo. Hakuna mtu mwingine aliyewahi kuniita mwana wake kwa sauti kubwa namna ile. Halafu hasira ikaisha, nikabaki na furaha ya kulikumbuka, na Spes ananikuta natabasamu kwenye mashine ananiuliza nina nini.

Sasa mji umetulia. Kazi ipo, na mwezi uliopita tumepata nyumba hapa hapa Mutakura. Mbele ina vyumba viwili na mlango unaotazama barabara. Nyuma, uani, kuna karakana na chumba kimoja chenye njia yake. Tulipokwenda kuandikisha, karani aliniuliza jina la mwenye nyumba. Nikamwambia siwezi kulitamka. Akadhani nimeiba nyumba. Ikabidi nimwombe kalamu niandike mwenyewe, kwa sababu mkwe hataji jina la mama mkwe wake, na jina nililoandika ni lako.

Nyumba ni yako. Vyumba vya mbele ni vyako, tumeviacha vitupu. Mimi na Spes tumekaa uani. Kwa hiyo hakuna tena mama anayekaa kwa mkwe wake; kuna mwanamume mzima anayekaa kwa mama mkwe, na mtaa mzima umeshaanza kunicheka. Vijana wananiuliza kama naombaga ruhusa ya kutoka. Wacheke. Aibu ile uliyokuwa unaibeba nimeichukua, na kwangu ni nyepesi.

Spes anakusalimu. Anasema leta mawese.

Na kama hutaki mtu wa namna yangu kwenye nyumba yako, ni haki yako, mama. Lakini njoo unifukuze mwenyewe.

Ni mimi, mpangaji wako wa uani,
mwana wako