Kiti Kitupu cha Bodi ya Mabasi

Dunmore Bend, Ohio
19 Oktoba

Kaka yangu mpendwa Leland,

Pokea salamu nyingi, wewe na wifi yangu Corinne, na wale wajukuu wasiopenda kusema kwenye simu. Natumaini mko salama huko Arizona, na kwamba goti lako limetulia tangu ulipoacha ubishi ukakubali kutembea na fimbo. Mimi sijambo. Kifua kilinibana mwezi uliopita lakini kimeachia. Paka naye mzima, mnene, na hana shukrani.

Huku majani yameanza kudondoka. Jumamosi niliyakusanya yote, nikayarundika ukingoni mwa barabara kama tunavyoagizwa. Jumatatu lori la kufyonza likapita, likachukua ya upande wa akina Petrakis tu. Nikapiga simu jijini. Binti aliyepokea akaniambia, kwa upole wa kuudhi, kwamba upande wetu ni wiki ijayo. Kesho yake likapita gari la kufagia barabara, likayarudisha majani yote kwenye bustani yangu. Nikapiga tena. Akasema kufagia ni idara nyingine. Kwa hiyo usidhani tangu uhame kuna ulichokikosa.

Nakuandikia badala ya kupiga simu kwa sababu kwenye simu utanikatiza, na hili nataka nilifikishe mwisho. Linamhusu Shangazi Trudy. Siku yako ya kuzaliwa inakaribia na lazima atakupigia, hajawahi kuiruka. Nataka ulisikie kwangu kwanza.

Unajua kwamba Mzee Emil yuko katika nyumba ya kutunzia wazee, ile iliyojengwa ng'ambo ya barabara kuu, mahali ambapo hata njia ya waenda kwa miguu hakuna. Mumewe huyo hamjui tena Shangazi kwa jina. Anamwita "yule mama wa supu." Lakini hali chakula kwa mkono wa mtu mwingine. Wauguzi wamejaribu, mchungaji amejaribu, mimi mwenyewe nimejaribu, akanifumbia mdomo kama mtoto. Basi kila siku Shangazi hupanda basi namba sita pale kona yetu, anafika kabla ya chakula cha mchana, anamlisha, anamfuta kidevu, anarudi. Gari hawezi tena kuendesha kwa sababu ya macho. Ana miaka sabini na tisa, na hajakosa siku hata wakati wa theluji.

Mwezi wa tatu alikuja mlangoni kwangu na karatasi aliyoibandua kwenye nguzo ya kituo. Akasema, "Rosie, nisomee, maandishi haya yameandikwa kwa ajili ya siafu." Nikamsomea. Ilisema kuna pendekezo la kufuta namba sita kwa sababu abiria wamepungua na madereva hawatoshi. Akauliza kama nina kahawa. Nikamwambia asijali, nitalishughulikia. Ndivyo nilivyosema, Leland, kwa mdomo wangu.

Nikaanza na meya. Unamkumbuka Buddy Farragher, uliyekuwa ukimwandikia majibu ya hesabu. Nilimkuta kwenye kifungua kinywa cha hisani cha wazima moto, kavaa aproni, anageuza pankeki na kupigwa picha. Nikamweleza. Akanigusa bega kwa mkono wenye unga akasema, "Rosie, hilo niachie mimi. Wewe kalale." Nilipomsimulia Shangazi alicheka sana. Alisema huyo tangu shuleni alikuwa akiinua mkono kabla hajasikia swali.

Nikaenda kwenye kikao cha baraza la jiji. Kama umesahau, raia hupewa dakika tatu mbele ya kipaza sauti. Taa ya kijani unasema, ya njano unaharakisha, nyekundu inawaka na wewe unafunga mdomo hata kama uko katikati ya neno. Madiwani hawaruhusiwi kukujibu. Wanakutazama, wanatikisa kichwa, Buddy anasema asante kwa maoni yako, anaitwa anayefuata, ambaye mara nyingi ni yule bwana wa Mtaa wa Locust na kesi yake ya bata. Nilikwenda mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Nikapeleka nusu ya mtaa. Tukashona fulana za njano. Shangazi akaoka keki ya tufaha akawagawia madiwani kabla ya kikao, na wakaila. Kila mara asante kwa maoni yako. Nilikuwa nikirudi nyumbani nimejaa maneno ambayo taa ilinizuia kuyasema.

Sasa usicheke. Ilikuwa mwezi wa sita. Nilikuwa nakunywa maji pale kwenye bomba la ukumbini, meneja wa jiji akaja kusimama nyuma yangu. Si yule uliyemjua. Huyu ni kijana nadhifu waliyemwajiri kutoka jimbo jingine, na kila kitu cha mji huu kiko mikononi mwake wakati Buddy anakata tepe. Akanipongeza kwa jinsi ninavyosema vizuri. Halafu akaniambia anasikitika kwamba mabasi si ya jiji. Hayajawahi kuwa ya jiji. Ni ya bodi ya kaunti, ina watu wake na vikao vyake, na baraza haliwezi kuongeza wala kufuta hata kituo kimoja.

Nilimuuliza kwa nini aliniacha niseme miezi mitatu. Akasema kila raia ana haki ya kusema. Nikamuuliza kama meya anajua. Akayatazama maji. Buddy hakuwa akijua, Leland. Meya wa miaka tisa. Nilipombana alisema, "Mimi nilidhani kwa vile yana rangi zetu…" Nilikasirika, na kilichoniuma zaidi ni kwamba nami nimezaliwa hapa, nimepanda mabasi hayo tangu utotoni, na sikuwahi kuuliza ni ya nani. Tunajua kumfokea meya tu. Mtaa mzima ule wa fulana za njano, hakuna aliyejua.

Hiyo bodi hukutana Jumatano asubuhi, katika ofisi za viwanja vya maonyesho ya kilimo, mji mwingine kabisa. Hakuna basi linalofika huko. Bodi ya mabasi, na huwezi kuifikia kwa basi. Nilimpeleka Shangazi kwa gari langu, naye na keki yake. Tuliwakuta watu sita kwenye meza ya viti saba, nao walishtuka kuona wageni. Siku hiyo walipigia kura namba sita, wakagawanyika tatu kwa tatu, ikabidi jambo liahirishwe hadi mwezi wa tisa. Kiti cha saba kilikuwa kitupu. Nikauliza ni cha nani. Mwenyekiti, Bi. Pomeroy, mama mkavu mwenye miwani ya kamba, akasema kwa mshangao, "Ni chenu nyie. Cha Dunmore Bend." Baraza letu ndilo linalopaswa kuteua mtu, na kwa miaka halikuteua kwa sababu hakuna aliyeomba, na hakuna aliyeomba kwa sababu hakuna aliyeambiwa.

Unajua nilichofanya. Nikaomba. Baraza likaniteua kati ya kibali cha mgahawa wa magurudumu na uwanja wa mbwa, wala halikuchukua muda wa kunywa chai. Buddy akapiga makofi kana kwamba yeye ndiye aliyenizaa. Shangazi alinibandikia kibati cha jina kifuani kwa mkono wake, kisha akapita mtaani nyumba kwa nyumba akitangaza, "Yamekwisha hayo. Rosie yuko ndani." Nilimsikia nikiwa kibarazani na nikajisikia mtu wa maana.

Ndani ndiko nilikoona mambo. Jimbo limepunguza ruzuku, madereva wanakimbilia malori ya mizigo, na Bi. Pomeroy akatuambia wazi kwamba njia moja lazima ife, namba sita au namba kumi na moja. Tukiendelea kugawanyika, mwezi wa pili fedha zinaisha na zote mbili zinasimama. Nilipigana, amini. Nikapendekeza tupunguze safari za zote mbili. Wakanionyesha kwamba dereva hagawanyiki. Nikaomba gari dogo la wazee. Lipo, lakini sheria yake haivuki barabara kuu, ng'ambo ile ni eneo la kitongoji, na kitongoji hakichangii. Nikarudi barazani kwetu kuomba jiji lichangie, nikasimama kwenye kile kipaza sauti, taa ikawaka nyekundu, Buddy akasema asante kwa maoni yako. Wiki hiyo hiyo akazindua taa za rangi za daraja.

Ikabidi nipande mabasi yenyewe. Namba sita mchana linabeba watu wachache, baadhi wangeweza kupata njia nyingine, na Shangazi, ambaye hana nyingine. Namba kumi na moja linapita kwenye kliniki ya kusafisha damu ya wagonjwa wa figo. Lilikuwa limejaa. Nilikaa karibu na bwana mmoja aliyefungwa bendeji mkononi, kaegemeza kichwa kwenye kioo. Nikamuuliza angefanyaje basi hili likifutwa. Alinijibu bila hata kufumbua macho, "Mama, mimi nikikosa safari mbili, utanisoma gazetini, ukurasa wa vifo." Kisha akaniomba radhi kwa utani wake. Nilishuka kituo kisicho changu kwa sababu sikutaka anione usoni.

Sikumwambia Shangazi. Kila alipouliza nilimwambia bado tunajadiliana. Hapo ndipo nilipokosea, naona sasa.

Siku ya kura alikuja na akina Petrakis. Alivaa kofia ya kanisani. Alipoitwa alisimama mbele ya kipaza sauti, ambacho kilikuwa juu mno na hakuna aliyekwenda kumshushia, akasema habari za Mzee Emil. Hakulalamika. Alieleza kwamba kijiko lazima kiwe cha mbao kwa sababu chuma kinamtisha, na kwamba supu isiwe ya moto, na kwamba akimeza anasema asante mama, kila safari. Taa ya njano ikawaka, maana bodi nayo ina taa zile zile. Akanigeukia mimi akasema, "Rosie, mimi si mtu wa mikutano. Niambie tu, kesho niende kituoni au nisiende?"

Leland, hairuhusiwi kujibu. Ndiyo kanuni, ile ile niliyoitukana miezi yote. Bi. Pomeroy alikuwa akinitazama. Taa ikawa nyekundu. Nilifungua mdomo, na kilichotoka ni, "Asante kwa maoni yako."

Kisha wakapiga kura. Watatu wakasema ifutwe, watatu wakasema isifutwe, na aliye mgeni hupiga mwisho. Ni mimi niliyefuta namba sita. Ningekiacha kile kiti kitupu, angalau angepanda hadi mwezi wa pili. Usinitafutie udhuru, nimeshajitafutia wote. Naamini nilipiga kura sawa, na ningerudia, na nachukia kwamba ni sawa. Mwanamke aliyetulisha chakula cha jioni kila siku mama alipokuwa zamu ya usiku kiwandani, nimemnyima njia ya kwenda kumlisha mumewe, na nilifanya hivyo nikiwa nimevaa kibati alichonibandika yeye.

Mzee Emil anaendelea kula, usiwe na hofu. Kesho yake asubuhi niliwasha gari nikaenda mlangoni kwake, sikumkuta. Alikuwa amesimama pale kona na mkoba wa supu, mahali palipokuwa na kituo, na nguzo yenyewe ilikuwa imeshang'olewa. Kwa kung'oa, jiji letu halichelewi. Nikasimamisha gari. Akapanda, akakaa kiti cha nyuma. Tangu siku hiyo nampeleka na kumrudisha kila siku, na kila siku nikienda mlangoni simkuti, yuko kona. Njiani hasemi kitu. Haniiti Rosie tena. Tukifika anashuka polepole, anashika mlango, na ananiambia vile vile ambavyo sisi sote tulifundishwa na yeye kusema tunaposhuka basini: "Asante, dereva."

Akikupigia, usinitetee. Muulize tu habari za Mzee, msikilize mpaka amalize, na umjibu.

Msalimie sana Corinne, mwambie zile soksi zimenitosha. Wabusu wajukuu. Goti likisumbua lipashe moto wala usijifanye kijana. Ningependa kuendelea, lakini ni karibu saa tano, na abiria wangu hajawahi kuchelewa kituoni.

Ni mimi dadako akupendaye,
Rosalyn