Miaka Aliyoikata Mzee Dominique

Jumatatu, 6 Juni 1994

Miezi kumi na tisa tangu nitoke Kalemie. Mikono imekwisha kwa mawe ya machimbo ya Kakontwe. Leo sikwenda kuvunja — nilimpeleka Mzee Dominique ofisi ya pensheni. Nalala chumba chake cha nyuma hapa Kikula, na nyumba nzima ni mimi tu niliyefika darasa la tano. Alitoka Angola kijana, akavunjia kampuni mawe mpaka mtambo ukasimama. Sasa kifua kimejaa vumbi. Bila karti ya pensheni, hospitali haimpokei.

Karani, monsieur Évariste, alifungua kitabu cha kazi cha Mzee, akacheka. "Muzee, weye ungali kijana! Ulizaliwa 1934. Pensheni ni miaka makumi sita na tano. Urudie 1999."

Miaka sitini, huyu? Ana meno manne!

Jumanne, 7 Juni

Mkewe, Mama Marceline, ndiye aliyenifunulia. Mwaka 1966 vitabu viliandikwa upya. Wageni wenye mvi walikuwa wanarudishwa kwao. Mzee akapaka dawa ya viatu kichwani, akakata miaka kumi na minne.

"Asubuhi niliamuka na muzee," anasema, "magaribi nikalala na kijana!"

Mzee hakucheka. Alisema tumwache afe, mambo yaishe. Nikakataa. Nikapekua kitabu — ukurasa wa pili, mwaka wa kuanza kazi: 1938. Huo hakuukata. Alitaka miaka yake yote ya kazi ihesabiwe!

1938 toa 1934: nimetoa mara tatu. Jibu ni lile lile. Minne.

Jumatano, 8 Juni

Mawe. Baridi. Sina nguvu ya kuandika.

Alhamisi, 9 Juni

Tumerudi kwa Évariste. Nikaweka kidole kwenye ukurasa. "Patron, mutoto wa miaka mine alivunja mawe ya kampuni? Na nani alimubeba mugongoni?"

Wazee kwenye foleni walicheka hadi wakakohoa. Évariste hakucheka. Basi alidanganya, akasema. Mgeni mwongo — kazi ya polisi hiyo.

Niliogopa, sifichi. Lakini Mzee alipiga meza kwa kiganja. "Ndiyo, nilidanganya! Nilikata miaka, sikukata kazi. Andika hivyo!"

Évariste akafungia kitabu kwenye saraka. Lete karatasi ya ubatizo, akasema, yenye umri wa kweli. Mwisho Jumatatu. La sivyo jina linakwenda kwa watu wa uhamiaji.

Mzee akaketi kwenye benchi. Bila kitabu chake hatoki. Mlinzi alimtoa nje saa kumi, akaketi kizingitini.

Ijumaa, 10 Juni

Mzee amerudi pale kizingitini alfajiri, na blanketi. Wazee wengine wawili wameketi naye — na vitabu vyao viko saraka ile ile. Mama Marceline amewaletea bukari, ugali wa moto. Évariste alipita juu ya miguu yao.

Mzee alibatizwa misheni ya Mulungwishi, mtu mzima tayari, mwaka wa 1939. Kama daftari halikuliwa na mchwa, jina lake limo. Msimamizi wa mawe kaniambia: ukikosa kesho, nafasi yako ina mtu. Nikamwambia ampe.

Nimeazima baiskeli ya kunifikisha misheni, tairi la nyuma limeshonwa kwa waya. Évariste aliniuliza dirishani kama nitarudi kweli, ama nakimbilia kwetu. Jumatatu, nimemjibu, saa mbili, ukifungua mlango huu — na karatasi ama bila karatasi.