Mwenyekiti wa Utafiti Ni Mke Wangu

Mpendwa mshauri, kwa heshima na taadhima naomba kuutangazia umma kwamba hivi karibuni mimi, mtafiti mwenye shahada tatu na kitambi kimoja, niliosha sufuria. Sasa naomba msaada, maana sufuria hiyo imeniweka pabaya.

Nilipewa kazi ya kuchunguza jinsi wanawake wa mtaani kwetu wanavyoitumia siku yao, na kwa kuwa siku hizi tunatafiti pamoja na watu, niliwaita ukumbini nikawaambia ninyi ni washirika, hata maswali yangu mnaweza kuyabadilisha, nikidhani watapiga makofi tukanywe chai, kumbe wameniamini, wakasema siku yetu tunaijua, tuchunguze ya waume zetu, kisha wakamchagua mwenyekiti, naye ni mke wangu, fundi cherehani, ambaye nyumbani hunisikiliza kwa sikio moja. Mmoja wao, muuza mkaa, akatumwa kunihoji sebuleni kwangu.

"Shemeji, mara ya mwisho kuosha vyombo ni lini?"

"Jana tu. Sufuria."

Nyuma ya pazia mtu akacheka mpaka akapaliwa. Jumamosi kila mume atasoma jibu lake ukumbini, mkewe akiwepo. Je, nikiiondoa nyumba yangu kwenye utafiti kwa sababu za kitaalamu, nitakosea?

Mtafiti Aliyetafitiwa

Ndugu yangu, pole, ingawa nimecheka. Ulidhani ushirika ni kuwapa watu viti na chai? Umewaachia maswali, sasa unataka kuwanyang'anya majibu kwa kuwa yamekugusa wewe. Ukijiondoa, nani mtaani atakufungulia mlango tena? Na huyo mwenyekiti mnalala chumba kimoja. Hizo sababu za kitaalamu utamwelezaje? Acha ujanja. Jumamosi simama wa kwanza, sema kweli, kisha kaa usikilize wenzako. Na hebu niambie: hiyo sufuria uliiosha kweli?

Mshauri, nimesimama. Nikasema: chakula kiliungua, nikaitia sufuria maji, nikaiacha ilowe, nikaenda zangu kuandika kuhusu mzigo wa kazi za nyumbani. Aliyeisugua ni mke wangu.

Ukumbi uliangua kicheko. "Shemeji, niandike uliosha au uliloweka?" akauliza muuza mkaa. Mwenyekiti hakucheka, safari hii alinisikiliza kwa masikio yote mawili. Akafuata kinyozi, ambaye jibu lake lilisema hufua kila wiki. Alimtazama mkewe, akakohoa.

"Na mimi," akasema, "nguo huwa naziloweka tu."