Mstari Mtupu wa Bibi Hidaya

Mama, shikamoo. Mvua ya Mombo imetukuta kwenye banda la chakula, na mjukuu wako Hidaya anakula peasi mpaka shingo imelowa. Hajambo kabisa.

Nipo na yule dada mwandishi anayeandika habari za watafiti wa malaria. Jana nilimweleza kila kitu, hata ule moshi wa mavi ya tembo uliotumia kumfukiza Hidaya aliposhikwa na degedege. Halafu nikaingiwa na hofu: sasa atamwandika mama yangu kama mjinga.

Leo kanisomea. Mama, hakuanza na wataalamu! Kaanza na chumba chetu cha Misima, na wewe ukimshika mtoto ukasema, "Moshi umeshindwa, twende kwa daktari." Ukambeba mgongoni, mie nakimbia nyuma na kiatu kimoja. Ndipo anaeleza vijidudu vya malaria vinafanya nini ndani ya damu, na hata mie nimeelewa.

Kisha akaniuliza, "Njiani bibi alikuwa anamnong'oneza nini mtoto?"

"Sikusikia. We weka dua yoyote."

"Aa, mama Hidaya! Kubuni siruhusiwi, hata neno moja."

Basi pale kaacha mstari mtupu. Kadi hii nampa kondakta wa basi la Handeni ikutangulie. Ijumaa tunakuja na huyu dada mwandishi. Jitahidi ukumbuke, Mama, maana hata mie natamani kujua.

Hilo doa pembeni ni kidole cha Hidaya, anakusalimia.

Mwanao akupendaye,
Mama Hidaya